Kigego wa Usevya

Mahindi ya kuchoma huliwa jioni, watu wakiwa wamekaa barazani wanapunga upepo. Hakuna nyumba ya heshima, iwe Mpanda iwe Usevya, inayomletea mgeni mahindi ya kuchoma mara baada ya mchuzi wa mbuzi, mchana wa Jumapili, naye yungali na gauni lake la kanisani. Kwa hiyo Getrude alipoingia sebuleni na sinia la mahindi akaliweka mbele yake, Marsela alijua papo hapo kwamba hakuletewa chakula. Aliletewa mtihani.

"Kula, mwanangu," alisema shangazi Josephina kwa sauti ya asali. "Mahindi ya shambani kwetu hayo. Ng'ata tu, usione haya."

Shangazi huyu alikuwa amepanda lori kutoka Karema kwa kazi moja, kumkagua mchumba wa mtoto wa marehemu kaka yake, na tangu Marsela aketi hakuwa amemtazama machoni. Alimtazama mdomo. Marsela alikuwa amewaona wanunuzi wa ng'ombe mnadani wakifanya hivyo hivyo, ila wale angalau humpapasa mnyama shingo kwanza.

Kando ya shangazi aliketi mwenye nyumba, Mama Verdiana, mjane, rozari mkononi utadhani misa ya asubuhi bado haijakwisha. Mlangoni alikaa binti yake, Getrude, aliyekuja kwa mama kujifungua uzazi wake wa kwanza na hajarudi bado kwa mumewe. Alikuwa amempakata mtoto wake, na pembe ya khanga imemfunika mtoto uso mpaka kidevuni, joto lote lile. Na Fabiani je? Huyo Fabiani, kijana wa nyumba hiyo, ambaye kwa ajili yake Marsela alipiga pasi gauni lile mpaka likakaribia kuungua, alijikunyata kwenye kiti cha pembeni ndani ya suruali yake pana ya bugaluu, magoti yamebanana, anachunguza ncha za viatu vyake vya raizoni, vya visigino virefu, kana kwamba amevionea pale.

Marsela akachukua hindi. Akaling'ata kwa pembeni, kwa magego, kama alivyokula mahindi tangu utotoni. Mbele, kwenye taya la chini, hakuwa na cha kung'atia. Meno mawili ya katikati hayakuwahi kuota, si ya utotoni, si ya ukubwani. Hapo palikuwa na ufizi tu, laini na mwekundu, usio na kovu la jeraha lolote.

Fabiani alilijua pengo hilo kuliko mtu yeyote. Ndilo lililomfikisha kwenye banda la chai la Marsela, pale stesheni ya Mpanda, ingawa yeye karani wa tiketi alikuwa na chai yake ofisini. Siku ya kwanza alimsikia Marsela akimwuliza abiria kama amwongezee sukari, na ile "su" ikapita pengoni na kamluzi kembamba. Basi, kijana wa watu akaishia hapo. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kudai swali. "Hujaniuliza kama naongeza," angesema, na kikombe kimejaa sukari mpaka chai haitamaniki. Marsela angeangua kicheko, mdomo wazi, na Fabiani angebaki anamtazama huku abiria wa Tabora wanagonga dirisha la tiketi kwa hasira. Jioni moja alimwambia, "Mtu akikuwekea meno hapo, mimi nampeleka mahakamani." Maneno matamu hayo. Marsela aliyameza yote bila kutafuna.

"Mbona unang'ata kwa upande?" aliuliza shangazi Josephina.

"Ndivyo ninavyokula, shangazi."

"Mbele kuna nini?"

"Mbele hakuna kitu."

Rozari ya Mama Verdiana ilisimama. Marsela alirudisha hindi kwenye sinia.

"Shangazi, kama safari yote ya kutoka Karema ilikuwa ya kuangalia mdomo, mngesema tu. Mahindi haya mmeyachoma bure."

Akainua kidevu, akageuza uso dirishani ili mwanga uingie vizuri, akafumbua mdomo wote. Alikaa hivyo mpaka shangazi mwenyewe akaona haya na kutazama kando. Lakini haya za shangazi Josephina hazikuwa za kukaa sana.

"Yameng'olewa," alisema.

"Hayakuota."

"Jino lisiote? Wifi, ushasikia wapi maneno haya?" Alimgeukia Mama Verdiana. "Hata mbuzi anaota meno."

"Mbuzi hana meno ya mbele juu tangu kuumbwa kwake," Marsela alijibu. "Na huyo wa leo nyie mmempangusa kwa ugali mpaka bakuli linang'aa. Sikuona mtu akimwogopa."

Fabiani akakohoa. "Marsela," alinong'ona, "taratibu basi." Kisha akarudi kwenye viatu vyake.

Shangazi Josephina hakukasirika. Alijitengeneza vizuri kitini, akakunja mikono tumboni, akatabasamu kwa utulivu wa mtu ambaye samaki ameshaingia wavuni na kilichobaki ni kuvuta.

"Haya, hayakuota. Mimi si mbishi. Sasa niambie, mwanangu. Mtoto asiye na meno ya chini, ataanza kuota yapi?"

Marsela alilazimika kukiri moyoni kwamba mama huyu alikuwa na akili nyingi, ila alikuwa anazitumia vibaya tu.

"Ya juu," alisema.

"Ya juu. Wifi, umesikia? Amejitamkia kwa kinywa chake, mimi sikumlisha neno. Kigego."

Neno lenyewe lilipotua, Mama Verdiana alifanya ishara ya msalaba. Kwao, mtoto aliyetanguliza meno ya juu alikuwa ni mkosi wa kutembea kwa miguu, na kila jino lake lililofuata lilihesabiwa kuwa litaondoka na mtu wa ukoo. Zamani alitupwa porini kabla hajaota la pili. Siku hizi, kwa kuwa mapadri wapo na polisi wapo, aliachwa akue, akanyimwa mume.

Getrude alitoa kicheko kifupi cha kumridhisha shangazi yake, akambana mtoto kifuani.

"Ni kweli nilitanguliza ya juu," Marsela alisema. "Mama yangu hakuficha, wala mimi sifichi. Bibi yangu alitaka nipelekwe porini. Baba akalala mlangoni na panga. Wakaambiwa nitaumaliza ukoo. Baba yupo Usevya analima mpunga. Mama yupo. Kaka zangu wote wapo. Shangazi yangu, dada yake baba, mdomo wake ni huu huu wangu, na nyumba yake imejaa watoto. Na huyo bibi mwenyewe yupo, siku hizi hana jino hata la dawa, nikienda kusalimia mimi ndiye namtafunia nyama. Kama mimi ni mkosi, shangazi, basi ni mkosi mvivu sana."

"Sisi hatukuchukii, binti," Mama Verdiana alisema kwa sauti ya chini. Machozi yalikuwa yameanza kumlenga. "Lakini Fabiani ndiye mwanangu wa kiume peke yake. Baba yake nilimzika nikiwa na huyu Getrude mgongoni. Nikimpoteza na huyu, nabaki na nani?"

Hapo kidogo Marsela alimwonea huruma. Woga wa mama yule ulikuwa woga wa kweli. Huyu mwingine wa Karema alikuwa anajifurahisha.

"Mama, mimi sikuja hapa kwa miguu yangu kuomba mume. Mwanao ndiye aliniambia anataka kunioa. Yupo hapo. Mwulizeni."

Wote wakamgeukia Fabiani. Fabiani akainua kichwa, akalamba midomo, akatazama dari, akatazama picha ya Bikira Maria ukutani, ambayo nayo haikumsaidia.

"Mimi naona," alisema, "mimi naona tusiwe na haraka. Mambo haya ni ya wazee."

Mambo ya wazee. Mwanamume mzima, ana mhuri mezani na funguo za ofisi kiunoni, akisema treni haijafika watu wanakaa chini, leo mdomo wa mchumba wake umekuwa ni mambo ya wazee. Marsela hakuwa tayari kulia mbele ya sinia lile. Akaomba kwenda kunawa.

Getrude alimfuata uani na jagi la maji, mtoto kiunoni. Alimmiminia mikononi, akatazama mlango wa jikoni, akatazama uani kwa jirani, kisha akaanza kusema harakaharaka.

"Dada Marsela, mama yako alifanyaje? Alivumiliaje?"

"Alivumilia nini?"

Getrude aliondoa khanga usoni kwa mtoto, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole. Kwenye ufizi, peke yake, lilikuwa limechungulia jino dogo, jeupe, punje ya mchele. Chini hapakuwa na dalili. Mtoto alimtazama Marsela akacheka, udenda unamchuruzika.

Marsela alimfuta udenda kwa pembe ya khanga.

"Na ndani pale ulicheka," alisema.

"Nilicheka. Ningefanyaje? Ninyamaze peke yangu, wanitazame?"

"Nani mwingine anajua?"

"Kaka tu. Yeye ndiye aliyeliona kwanza, maana ndiye anambeba jioni akitoka kazini. Akaniambia nimfunike mpaka ya chini yatoke, halafu tuseme yalitoka pamoja. Kaka haogopi, dada. Anampenda kweli. Anamlisha uji, anambusu hapo hapo kwenye jino, anamwita mama mkubwa wangu."

Afadhali asingelisikia hilo. Fabiani angekuwa anaamini ukigego, Marsela angemsamehe, maana mtu akiogopa kufa huwezi kumlaumu sana. Kumbe haamini. Haamini hata chembe. Anajua ni upuuzi, analibusu jino jioni, na mchana anakaa kitini anawaachia wanawake wazee wamvue mchumba wake nguo mbele ya mahindi.

"Nifanyeje, dada?" Getrude aliuliza.

"Mimi siwezi kukuambia. Mama yangu hakunifunika, na alitukanwa sana. Lakini mimi sikukua nikijiuliza nimekosa nini."

Fabiani akatokea mlango wa jikoni. Kabla ya kutia mguu nje aligeuka kuhakikisha hakuna aliyemwona. Getrude alijisogeza kando na mtoto wake.

"Nimepata wazo," Fabiani alisema, macho yanang'aa. "Tabora kuna daktari wa meno anatengeneza ya bandia. Mazuri, huwezi kuyatofautisha. Tunakwenda, unawekewa. Huku tunasema ulianguka na baiskeli ukiwa mdogo, haya ya kutoota ulikuwa unamtania shangazi. Mimi naomba uhamisho, tunahamia huko huko. Nani atauliza tena?"

"Ulisema mtu akiniwekea meno hapo utampeleka mahakamani."

"Ah, Marsela. Yale yalikuwa maneno ya mapenzi."

"Na haya ni ya nini?"

Fabiani akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na wino wa mhuri usiotoka, na Marsela, pamoja na hasira zote, alitamani mkono ule ubaki pale pale. Mapenzi hayana adabu. Yanakujia hata pale unapomdharau mtu.

"Tukizaa mtoto akafanana na mimi?" aliuliza. "Mdomo huu unatembea kwetu, umesikia mwenyewe. Na yeye tutamfunika khanga?"

"Tutaona wakati huo ukifika."

"Mimi sitaki Tabora, Fabiani. Nataka neno moja. Ingia ndani, mwambie mama yako, huyu ndiye mke wangu na meno yake nayajua. Basi. Akikataa, akatae. Nitakungoja hata mwaka, hata miwili. Lakini alisikie kwako, si kwangu."

Fabiani alivuta pumzi. Akamtazama kwa yale macho ya stesheni, macho yaliyomfanya msichana wa watu aunguze vitumbua.

"Nitasema," alisema. "Twende. Nitasema sasa hivi."

Marsela alimwamini tena, akajidharau kidogo kwa kumwamini.

Walipoingia, shangazi Josephina alikuwa anajipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi. "Tumshukuru Mungu ametuonyesha mapema," alikuwa anamwambia wifi yake. "Nyumba hii, tangu babu zetu, uchafu huo haujawahi kuingia."

Fabiani akasimama katikati ya sebule. Akashika mkanda wa suruali yake.

"Mama," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama, mimi..." Akamtazama shangazi. Akamtazama mama yake. "Chai bado?"

Chai. Marsela nusura acheke. Angekuwa anasimuliwa habari za mtu mwingine angecheka mpaka akae chini.

Basi mtu mwingine ndiye aliyesema. Getrude aliweka jagi sakafuni, akamwondolea mtoto khanga, akamgeuza uso kuelekea kwa wakubwa.

"Shangazi," alisema, "wa nyumba hii mtazame na huyu." Akamwinua mtoto mdomo.

Shangazi Josephina aliona. Aliinuka kwa ghafla akalipiga teke sinia, mahindi yakaviringika mpaka chini ya kabati. "Mtoe nje," alisema. "Mtoe nje huyo, usimsogeze."

Mama Verdiana hakuinuka. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alimtazama mtoto, akamtazama mama wa mtoto, mwisho akamtazama mwanawe wa kiume.

"Wewe ndiye unambeba kila jioni," alimwambia. "Ulijua?"

Getrude alimgeukia kaka yake. Alimtazama kwa matumaini yote, maana siri ile waliibeba wawili.

"Sikujua, mama," Fabiani alisema. "Ndiyo kwanza naona."

Getrude aliinamisha kichwa tu, akamvuta mtoto, na Marsela akaona machozi yakimdondokea mtoto utosini. Ndani ya kifua cha Marsela kitu kilichokuwa kinauma tangu mchana kiliacha kuuma. Alishangaa jinsi kilivyoacha upesi.

"Mlete hapa," Mama Verdiana alisema.

Getrude akarudi nyuma hatua moja.

"Nimesema niletee mjukuu wangu."

Alimpokea, akamweka magotini, akampitisha kidole chini ya mdomo wa juu, akalipapasa lile jino taratibu. Mtoto akadhani ni mchezo. Akamng'ata bibi yake, akacheka kwa sauti.

"Wifi, utakufa," shangazi Josephina alisema kutoka mlangoni.

"Nikifa nitakufa nimempakata," Mama Verdiana alijibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Josephina, kama unaogopa, lori la Karema linaondoka alasiri. Hujachelewa."

Shangazi alitoka nje kutafuta viatu vyake. Mama Verdiana aliendelea kumpapasa mtoto mgongo. Alipoinua macho, alimtazama Marsela usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Binti, nimekukosea," alisema. "Hivi kweli huyo bibi yako unamtafunia nyama?"

"Kweli, mama. Na anachagua vipande."

Mama Verdiana alitikisa kichwa, akacheka huku analia. "Kaa, mwanangu. Usiondoke na njaa kwangu. Fabiani, mletee mwenzio kiti."

Fabiani alikuwa amepona kabisa. Alileta kiti mbiombio, meno yote nje, mzuri wa sura vilevile, na hilo ndilo lililomwudhi Marsela kuliko yote.

"Umesikia?" alimwambia kwa furaha. "Mama amekubali. Si nilisema tusiwe na haraka?"

Marsela alimtazama. Aliwahi kumwogopa mama huyu usiku kucha. Kumbe mama alikuwa neno moja tu mbali nao, neno ambalo lingetamkwa asubuhi, au jana, au pale uani, na yote haya yasingekuwapo. Mama aliyeamini kwamba atakufa alimpokea mtoto. Huyu asiyeamini chochote alimkana.

Akapiga goti mbele ya Mama Verdiana, akamshika mikono yote miwili pamoja na mtoto aliyekuwemo.

"Ahsante, mama," alisema. "Ningekuwa naolewa na wewe, ningekaa."

Akamgusa Getrude bega, akachukua mwavuli wake, akatoka kupitia mlango wa mbele. Fabiani alibaki katikati ya sebule na kiti mkononi, anamtazama mama yake amwambie la kufanya.